Karatasi ya mnasihi mlangoni: iandikwe nini, iachwe nini? (Chake Chake)

Tibirinzi_kwetu aliuliza:

Assalamu alaykum wana jukwaa.

Jumuiya yetu inafungua chumba cha unasihi (ushauri nasaha) hapa Chake. Mnasihi tushampata. Ni mwanamme, kwao Wete, ana stashahada ya ustawi wa jamii na kozi ya unasihi juu yake, na amefanya kazi miaka kadhaa katika soba hausi (nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha) moja Unguja, ambako kabla ya hapo mwenyewe alipita kwa ajili ya unga (heroini). Sasa tunataka karatasi ya kubandika mlangoni na kutuma kwenye magrupu ya WhatsApp, ieleze yeye ni nani na anawasaidia watu kwa njia gani. Rasimu aliyotuletea ina kurasa 3, na mmoja mzima ni majina ya nadharia. Kamati wanataka vyeti vitangulie. Mimi naona mtu wa Pemba akisimama mbele ya mlango ule hatafuti cheti.

Tunabishana khasa hapa: historia yake ya unga iandikwe au isiandikwe, tuwaambie nini wanawake, maana yeye ni mwanamme, na tuwajibu vipi watakaouliza kama hapo panasomwa kisomo (dua za kumtibu mgonjwa). Wanaoijua kazi hii tusaidieni. Nafasi ni A4 moja, maandishi makubwa.

Darajani_Nasaha:

Waalaykum salaam. Kuhusu vyeti uko sahihi. Msomaji wa karatasi hiyo, kabla hajataka kujua mtu kasoma wapi, anajiuliza: huyu mtoto wa nani, nikimwambia atakwenda kumwambia nani, na nikishaingia nitafanywa nini. Zijibuni kwa utaratibu huo huo, karatasi itasomwa mpaka chini.

Wete iandikwe wazi. Kwanza watu watajua tu kwa jina la ukoo siku hiyo hiyo, na pili aliye jamaa yake anahitaji kujua mapema ili aombe mtu mwengine. Elimu mistari miwili: ngazi, chuo, mwaka. Stashahada ibaki stashahada, isipandishwe ikawa "mtaalamu wa saikolojia", na kozi fupi itajwe kwa muda wake halisi. Ya wiki 2 ni ya wiki 2. Asijiite daktari hata kama mtaani wanamwita hivyo, maana kesho atakuja mtu na vidonge mkononi akitaka apunguziwe dozi.

Mstari unaosahauliwa, na kwangu una uzito kuliko cheti, ni huu: nani anamsimamia. Mnasihi anayefanya kazi peke yake, asiye na mtu wa kukaa naye angalau saa 1 kila wiki 2 wakapitia kesi bila kutaja majina, huishia moja ya njia mbili: ama anakwenda kulala na mizigo ya watu, ama anaanza kutoa amri. Kama msimamizi hapatikani Pemba, apatikane Unguja na wazungumze kwa simu. Hilo liwe limekwisha kabla karatasi haijabandikwa.

Nadharia zote zitoke, kibaki kitendo. Kama anafuata njia ya mwanasaikolojia Carl Rogers, mteja hana haja ya jina hilo. Aandike: "Nitakusikiliza bila kukuhukumu, na sitakuamulia." Kama anatumia njia ya daktari wa akili Aaron Beck, iliyoanzia Philadelphia miaka ya 1960: "Tutalitazama pamoja lile wazo linalokuja kabla moyo haujaingia kiza, na utaondoka na zoezi dogo la kufanya nyumbani." Kwa watu wa unga na pombe, bila shaka alifundishwa mazungumzo ya wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick: "Sitakulazimisha kuacha. Tutazungumza unachokipata na unachokipoteza, uamuzi ni wako." Lakini kila sentensi iwe ni jambo analolifanya kweli. Mteja aliyeahidiwa kusikilizwa kisha akapigwa waadhi wa dakika 40 harudi, na wa nyumbani kwao pia hawatakuja.

Kisha vipimo: kikao dakika 50, mara 1 kwa wiki, cha kwanza ni cha kujuana na kuamua kama wanafaana, baada ya vikao 6 wanakaa wanatazama nini kimebadilika. Kituo hicho cha baada ya kikao cha 6 ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Bila hicho, watu wawili huendelea kwa kuoneana haya tu: mteja anaogopa kumvunja moyo mnasihi, na mnasihi anaogopa kusema kuwa hajasaidia kitu.

Msiandike idadi ya ndoa zilizosuluhishwa, wala shukrani za wateja hata bila majina. Chake ni ndogo. Ukisema "mama wa watoto 7 wa Machomane, mume yuko Oman" ushamtaja.

Gombani_Bi:

Naongeza kwenye siri, kwa sababu hapo ndipo karatasi nyingi zinapodanganya. "Siri yako iko salama asilimia 100" si kweli na isiandikwe. Kuna mambo ambayo mnasihi hawezi kuyakalia: mtu anayekusudia kujiua, anayekusudia kumdhuru mwengine, na mtoto anayedhuriwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo msichana wa miaka 16 ambaye nyumbani wanasema "huyu mkubwa, keshavunja ungo" hapa bado ni mtoto. Maneno ninayopendekeza:

*"Utakayoyasema hapa yanabaki hapa. Sitamwambia mumeo, mkeo, mzazi, sheha wala kiongozi wa jumuiya. Nitamshirikisha mtu mwengine pale tu maisha yako au ya mwenzako yakiwa hatarini, au mtoto anapodhuriwa. Nitakwambia wewe kwanza, isipokuwa kukwambia kutazidisha hatari."*

Hayo ya "wala kiongozi wa jumuiya" msiyafute. Nyinyi kamati ndio wa kwanza mtakaotaka kujua nani kaja. Ripoti yenu iwe idadi, jinsia na kundi la umri, basi. Shehia pia iacheni mpaka wateja wawe wengi, kwa sababu mzee mmoja kutoka shehia ndogo anatambulika bila jina.

Sasa utekelezaji, maana karatasi nzuri huvunjwa na mambo madogo. Jalada liwe na namba badala ya jina; daftari linalounganisha namba na jina likae droo nyengine yenye kufuli yake, ufunguo kwa mnasihi peke yake. Simu ya kazi iwe ya kazi tu. Ujumbe wa kukumbusha usiseme "kikao chako cha unasihi", kwani simu za nyumbani husomwa na wengi. "Kesho saa 4 tupo, inshallah" yatosha. Na siku ya kwanza wakubaliane: akipokea mtu mwengine, mnasihi aseme yeye ni nani? Baina ya mteja na mteja ziachwe dakika 20. Benchi la kusubiri lisiwekwe barazani mbele ya njia. Heri kiti kimoja ndani kuliko benchi refu nje.

Njiani, asimpite mteja bila salamu, hiyo kwetu ni tusi. Ampe salamu ile ile anayompa kila mtu, asiongeze "vipi, umepata nafuu?"

Suala la jamaa litawasumbua, kwa sababu ukikokotoa sana Wete yote ni ndugu. Kipimo chepesi: mtu ambaye akifiwa, mnasihi atawajibika kwenda kukaa matanga, huyo asimchukue. Ampeleke kwa mnasihi mwengine, na jina la huyo mwengine liwe tayari lishapatikana.

Na zawadi. Watu watakuja na mkungu wa ndizi au pweza. Ukikataa mkononi unamvunjia mtu heshima, ukipokea asiye na cha kuleta ataona haya kurudi. Ikiandikwa mapema kwenye karatasi kuwa jumuiya haipokei zawadi, mnasihi atakuwa anafuata utaratibu tu, na hakuna atakayehisi kukataliwa yeye.

Maalim_Konde:

Kisomo kijibiwe kwenye karatasi yenyewe, msisubiri kuulizwa. Mistari miwili: "Hapa hatusomi wala hatupungi majini. Kama unasomewa, endelea. Tuambie tu unatumia nini."

Hilo la "tuambie" lina sababu. Kombe la zafarani (maandishi ya dua yanayooshwa yakanywewa) halina shida na mtu. Shida ni mgonjwa aliyeambiwa asimamishe vidonge mpaka kisomo kimalizike. Vidonge vya kifafa vikikatwa ghafla vinaweza kuleta degedege lisilokatika, na hapo ni roho. Vya ugonjwa wa akili vikikatwa, mara nyingi maradhi hayarudi siku ile ile. Hurudi baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana watu hawaunganishi jambo na sababu yake. Mnasihi akijua mapema atampeleka kwa daktari kabla ya hapo. Asibishane kama jini yupo au hayupo, hiyo si kazi yake na atampoteza mteja. Mtu akisema "nimepandwa", maswali yanayofaa ni lini, nini hutangulia, analala saa ngapi, anakula, na nani yupo nyumbani inapotokea.

Khalwa, yaani mwanamme na mwanamke kukaa peke yao faragha. Mlango wa chumba utiwe kioo kwenye usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Viti vya ndani vikae pembeni, ili anayepita amuone mnasihi bila kumuona mteja. Ukumbini akae mwanamke wa jumuiya, mita 4 au 5, anayeona mlango lakini hasikii; redio ya sauti ndogo karibu na mlango hufunika maneno vizuri kuliko pazia. Mwanamke akitaka kuja na mwenzake aje naye, waingie wote dakika za mwanzo, kisha mwenzake akae nje. Msilazimishe maharimu (mume au jamaa wa karibu asiyeweza kumuoa) akae ndani kikao kizima. Mara nyingi huyo ndiye anayezungumzwa.

Lakini dawa khasa ni kupata mnasihi mwanamke, hata wa siku 1 kwa wiki, na siku hiyo iandikwe kwa herufi kubwa. Mwanamke anayetaka kuzungumzia unyumba hatamwambia mwanamme, hata mlango uwe wa kioo kitupu.

Talaka nazo. Watu watauliza kama talaka imepita au haikupita, eda inahesabiwa vipi, watoto wa nani. Hayo ni ya Kadhi. Mnasihi akijibu moja tu, kesho atanukuliwa mahakamani. Saa za kazi zipangwe mkizingatia swala: baina ya saa 6 na saa 8 mchana msiweke mtu, na Ijumaa ni asubuhi tu. Msimu wa karafuu acheni nafasi za jioni, asubuhi watu wako mashambani.

Afya_ya_Akili_PBA:

Mmesahau mipaka. Karatasi iseme chumba hicho hakifanyi nini.

Si chumba cha dharura. Anayesikia sauti zisizokuwepo, asiyelala siku 3 na bado ana nguvu za ajabu, mama aliyejifungua karibuni akabadilika ghafla: hawa ni wa hospitali siku ile ile. Mlevi wa kila siku anayeacha pombe kwa mara moja pia ni wa hospitali. Mitetemeko na degedege huanza ndani ya siku 2 za mwanzo na huweza kuua. Kwa mtu wa unga mambo yamegeuka: kuacha kunamtesa lakini kwa kawaida hakumuui, kinachomuua ni kurudi. Mwili ukikaa wiki chache bila kitu huwa haukihimili tena kile kipimo cha zamani. Mnasihi wenu amwambie hivyo mteja na jamaa zake, waziwazi. Methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya unga, hutolewa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja, kwa hiyo anayeihitaji asaidiwe kuifikia, asiachiwe vikao tu.

Aliyebakwa au kupigwa aende Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini kwanza, asianze na saa nzima ya mazungumzo. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Asioge, nguo asizifue, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Kwa mtoto, namba 116 haina malipo.

Kama atatumia dodoso la PHQ-9 la sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka), ajue mipaka yake. Ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 mpaka 3, jumla 27. Kuanzia 10 ni dalili ya kutazamwa kwa makini, haijawa hukumu ya ugonjwa. Kosa la kawaida ni kulisoma kama maelezo ya polisi, dakika ya kwanza tu mteja amekaa. Atajibu "sijambo, alhamdulillahi" mara 9, kwa adabu, na utapata 0. Anzeni na mwili: usingizi, kichwa, moyo kwenda mbio, chakula hakina ladha. Mtu atasema "mawazo yamenizidi", na hapo maswali yanaingia yenyewe.

Swali la 9 ni la fikra za kufa. Likipata hata alama 1, lisiachwe, hata jumla ikiwa 4. Na watu wetu hawasemi "nataka kujiua", wanasema "natamani Mungu anichukue nipumzike." Hiyo isipitwe kwa "usiseme hivyo, ni dhambi." Ulizeni moja kwa moja: umefikiria kujiua? Kwa njia gani? Hicho kitu kiko nyumbani? Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kunampa ruhusa ya kusema. Akiwa na mpango na kitu kipo, haachwi peke yake, jamaa anatoa sumu, kamba au vidonge nyumbani, na anafikishwa hospitali siku hiyo. Maelezo haya hayakai kwenye karatasi, lakini mnasihi awe nayo ndani ya droo yake.

Hatua12_Unguja:

Kuhusu historia ya unga, mimi nasema iandikwe. Sentensi moja: "Nimepona uraibu wa dawa za kulevya na nimefanya kazi na waraibu." Kijana wa unga ana pua kali kwa mtu anayejifanya anajua. Vilevile Wete wanaijua habari hiyo. Ikifichwa, atakayeitangaza ataitangaza kwa fitina. Ila isiwe hadithi: hakuna kiasi alichokuwa akitumia, hakuna alikokuwa akiipata, hakuna usiku wa mwisho. Anayejaribu kuacha akisoma hayo humrudia hamu.

Darajani_Nasaha:

Ndugu Hatua12, kwa soba hausi nakuunga mkono. Kwa karatasi hii hapana. Hapo mlangoni atasimama pia mjane, mwanafunzi wa skuli na mama ambaye mtoto wake hasemi tangu wiki iliyopita. Sentensi ya uraibu itakifanya chumba kiitwe chumba cha wala unga, na kila anayeingia atahesabiwa hivyo. Halafu kilichotumwa WhatsApp hakirudi. Leo karidhia, je akitaka kuoa mwakani na wakwe wakaipata picha ya karatasi?

Ninachopendekeza: karatasi iseme "ana uzoefu wa kufanya kazi na waraibu wa dawa za kulevya", ambayo ni kweli. Akiwa ndani na mteja wa unga, akiona inafaa, atasema mwenyewe kwa ufupi, kisha mazungumzo yarudi kwa mteja. Ikiwa dakika 10 baadaye mteja ndiye anayemuuliza maswali na kumpa pole, kikao kimeshapinduka.

Hatua12_Unguja:

Hoja ya WhatsApp ina nguvu, ya wakwe pia. Ila bado naona kwenye grupu la vijana wanaotoka soba hausi itumwe karatasi nyengine yenye sentensi hiyo, akiridhia.

Tibirinzi_kwetu:

Ahsanteni sana. Mnasihi mwenyewe kayasoma yote, amechagua isiandikwe kwa sasa. Bi mmoja muuguzi mstaafu kakubali kukaa Jumatano. Rasimu mpya ndiyo hii, msituonee haya:

*"Karibu. Mimi ni mnasihi, kwetu Wete. Nina stashahada ya ustawi wa jamii na mafunzo ya unasihi, na nina uzoefu wa kufanya kazi na waraibu wa dawa za kulevya. Nasimamiwa na mnasihi mkubwa aliyeko Unguja. Utakayoyasema hapa yanabaki hapa (maelezo ya siri kama alivyoandika Bi Gombani). Nitakusikiliza bila kukuhukumu na tutalimaliza tatizo lako pamoja. Kikao dakika 50. Jumatano yupo mnasihi mwanamke. Hapa hatusomi wala hatupungi, hatutoi dawa, hatutoi hukumu za talaka. Si huduma ya dharura: mgonjwa wa ghafla apelekwe hospitali, mtoto anayedhuriwa, piga 116. Huduma ni bure, hatupokei zawadi."*

Gombani_Bi:

Imekaa vizuri. "Tutalimaliza tatizo lako" itoke; hamuwezi kulimaliza deni wala mume aliyeoa wa pili. Wekeni "tutatafuta pamoja hatua unayoiweza wewe". "Mnasihi mkubwa" pia itoke, mtu atadhani ni cheo. "Nasimamiwa kitaaluma na mnasihi mwenzangu mzoefu" inatosha. Jina lake lisisahaulike, maana hapo juu halimo. Na huyo bi wa Jumatano, uuguzi peke yake si unasihi: kabla hajakaa na mteja apate mafunzo ya kusikiliza na msimamizi yule yule, na karatasi iseme alichonacho na si zaidi.

Mstari wa kikao cha kwanza umeruka. Ongezeni: "Siku ya kwanza ni ya kujuana, hulazimiki kurudi." Huo ndio utakaomuingiza mwenye woga.

Chini ya karatasi kateni vipande vya kuchana vyenye namba ya simu peke yake, bila neno lolote. Mtu achane kimoja, atie mfukoni, apige akiwa kwao.